Risiti Ina Jina la Nani?

HAMAD: Assalaamu alaykum, wasikilizaji. Leo tupo Wete, Pemba, na mvua imetukamata, kwa hiyo mkisikia bati linalia ndiyo hiyo. Mimi Hamad, na hapa nipo na shangazi yangu...

BI ZUWENA: Ushangazi tumeuacha nyumbani. Hapa mie msaidizi wa sheria wa shehia.

HAMAD: Haya, Bi Zuwena. Suali lililokuja mara nyingi wiki hii: mtu kaachwa, anaanzia wapi?

BI ZUWENA: Anaanzia pale pale alipo. Maana wengi wakishapewa talaka, jambo la mwanzo ni kufunga nguo ndani ya kanga na kurudi kwao. Magharibi haijaingia, keshafika kwa mama yake. Na Suratu Talaq, aya ya kwanza, inakataza: wasitolewe majumbani mwao, wala wao wasitoke. Talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kukurudia, eda yako, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, unaikaa kwa mume na yeye anakulisha. Anayepata hedhi ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, aliyekoma hedhi miezi mitatu, mwenye mimba mpaka ajifungue.

HAMAD: Lakini mtu kaambiwa "toka kwangu".

BI ZUWENA: Anayepigwa atoke usiku huo huo, aende polisi, Dawati la Jinsia lipo. Mie nawasema wanaotoka kwa hasira. Unaacha ndani cherehani, kabati, mtungi wa gesi, na ule mfuko wa karatasi juu ya kabati. Ukirudi mwezi mmoja mbele, mlango una kufuli jipya.

HAMAD: Mfuko wa karatasi una nini?

BI ZUWENA: Una kesi yako nzima, mwanangu! Alikuja kwangu mama mmoja wa upande wa Micheweni, mkulima wa mwani. Miaka anaingia baharini maji yakitoka, anafunga mbegu kwenye kamba, anaanika, anauza. Pesa za mwani zikanunua saruji, zikanunua bati. Nyumba ikasimama. Kaachwa, anadai sehemu yake. Kadhi akamuuliza: ushahidi wako? Risiti zote zina jina la mume, maana yeye ndiye aliyekuwa akienda dukani na gari la ng'ombe.

HAMAD: Na mume alisemaje?

BI ZUWENA: Kakana. Na kanuni ya sharia unaijua: mwenye kudai alete ushahidi, mwenye kukana ale kiapo. Ukifika mikono mitupu, mwenzio anashika msahafu, biashara imekwisha.

HAMAD: Kwa hiyo akakosa?

BI ZUWENA: Tukamtafuta fundi aliyepaua. Yule anakumbuka nani alimlipa, tena mkononi. Tukaenda kwa mnunuzi wa mwani, daftari lake lina kilo na tarehe. Tukazilinganisha tarehe za kuuza na tarehe za zile risiti: kauza Jumatatu, bati limenunuliwa Jumatano. Hapo maneno yakageuka, wakasuluhishwa kabla ya hukumu.

HAMAD: Mimi nilidhani mke akiachwa anapata nusu. Nimesikia redioni.

BI ZUWENA: Umesikia redio ya Bara. Sheria ya Ndoa ya 1971 haivuki bahari, huku haitumiki. Kule kuna ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ingawa yeye mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mume alikwisha kumpa pesa za mradi naye akazichezea.

HAMAD: Alaa! Kashinda hoja, kakosa mali.

BI ZUWENA: Ndiyo hivyo. Sisi huku Waislamu tunakwenda kwa Kadhi: ndoa, talaka, matumizi, malezi. Sheria ya Mahakama ya Kadhi, nambari 9 ya 2017, imempa nguvu ya kugawa mali ya wanandoa pale penye mchango halisi. Halisi, Hamad. Kupika miaka ishirini, kulea watoto sita, kuuguza mama mkwe, hivyo kuvithibitisha kama mchango ni mlima. Mie hapo sipendi, na nasema wazi. Lakini kesi haishindwi kwa nisichokipenda.

HAMAD: Na nyumba ikiwa imejengwa kwenye kiwanja cha baba wa mume?

BI ZUWENA: Hiyo ndiyo inayowaliza wengi Pemba. Baba mkwe atasema ardhi yake, na ni kweli. Wewe hudai ardhi, unadai ulichokitia juu yake. Sawa na mikarafuu: huku kwetu shamba laweza kuwa la huyu na miti ya yule. Andikishaneni mapema, mbele ya mashahidi, mapenzi yangali moto.

HAMAD: Nani atathubutu kumwambia mume "tuandikishane"?

BI ZUWENA: (anacheka) Si mnaandikishana mkikodishana mikarafuu, tena ndugu wa damu?

HAMAD: Haya. Na mke akiwa ndiye anayetaka kutoka?

BI ZUWENA: Hapa wasikilize vizuri. Kuna khului, mke anarejesha mahari au chochote wanachokubaliana, anajikomboa. Na kuna fasikhi, Kadhi mwenyewe anaivunja ndoa kwa sababu ya dhara: mume hatoi matumizi, kamtelekeza. Naona wanawake wanahangaika kukopa pesa za kujikhului, na mume yupo zake mjini miaka minne hajaleta hata kibaba cha mchele! Huyo aulizie fasikhi kwanza kabla hajalipa hata shilingi.

HAMAD: Aulizie kwa nani? Wakili ni pesa.

BI ZUWENA: Muulize sheha, mkuu wa shehia, atakuonesha msaidizi wa sheria wa shehia yenu. Sisi tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018. Jambo likitushinda, kuna Kituo cha Huduma za Sheria, wana ofisi Chake Chake. Kuna wanasheria wanawake wa ZAFELA. Nenda na cheti cha ndoa, karatasi ya talaka kama unayo, vyeti vya watoto. Asiye Muislamu kesi yake inakwenda mahakama za kawaida, lakini msaada anauomba milango hiyo hiyo.

HAMAD: Kama talaka imekuja kwa simu?

BI ZUWENA: Usiufute huo ujumbe hata ukikuchoma. Mpelekee Kadhi, yeye ndiye wa kusema imepita au haikupita, na imepita ngapi.

HAMAD: Bi Zuwena, mimi nina suali langu mwenyewe. Vigae vya jikoni kwangu kanunua mama watoto, kwa pesa za kibati chake, ule mchezo wa kuchangishana.

BI ZUWENA: Maashallah. Risiti ina jina la nani?

HAMAD: ...Langu.

BI ZUWENA: Zima hicho kinasa sauti, uende dukani kabla hawajafunga.