Dogo kakatwa maksi kwa "I am fearing", kumbe na mimi nilipitia humo humo

Mwangaluka watu wangu, leo sipo kwenye lile baridi la Leeds, Uingereza, nipo nyumbani Mwanza bana, nyuma yangu hapo mnaliona jiwe la Bismarck, upepo wa ziwa unapiga kwenye maiki mtanisamehe, narekodi chapchap tu maana baadae napanda meli ya Nansio, kule Ukerewe, kwenda kumuona mama.

Sasa jana mtoto wa dada, yupo kidato cha pili, kaniletea daftari kaandika "I am fearing the lake", ticha kapiga mkasi mwekundu. Dogo ananiuliza mjomba, si ndio naogopa ziwa? Nikacheka mpaka basi, kwa sababu mimi mwaka wa kwanza kule nilimwandikia mwenye nyumba meseji "I am fearing your dog", akanipigia kabisa kuuliza kama niko sawa kichwani.

Shida ipo kwenye -na- yetu. Naogopa ni sasa hivi, naogopa ni siku zote, yote hiyo hiyo. Mzungu "fear" kwa kawaida haibandiki -ing, anasema "I fear". Na hata hiyo "I fear" ukiitumia kwa mbwa unasikika kama mhubiri, mtaani wanasema "I'm scared of the dog" yameisha. Ila muwe makini na "scare", ukisema "I scare dogs" hapo mbwa ndio wanakukimbia wewe.

Halafu kuna "afraid", hiyo sio kitenzi ila inatembea na hawa ndugu zake. Wiki ya kwanza kazini nabeba maboksi, bosi akaniambia "I'm afraid you're late". Nikawaza huyu mama anaogopa nini sasa, si mimi ndio nimechelewa? Kumbe ni namna yao ya kusema samahani, nina habari mbaya kidogo. Haogopi kitu yule, na hela ya nusu saa alikata.

Lakini iliyonikaa mpaka leo ni ya Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere kimepinduka tarehe 20 karibu na Ukara, mimi niko mbali, simu za Ukerewe hazipatikani, nafungua habari za Kiingereza naona "feared dead". Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikasoma kama vile kuna watu wanaogopa maiti. Mpangaji mwenzangu ndio akanieleza taratibu kwamba maana yake inahofiwa wamekufa, bado hawajathibitisha. Yani kama redio zetu zinavyosema yahofiwa. Waliofariki walifika zaidi ya 200, ila siku mbili baadae akatolewa fundi mitambo mzima kutoka ndani ya kile kivuko kilichopinduka, kwa hiyo hapo katikati ya "feared" na "dead" kulikuwa na mtu anapumua.

Na kaneno kadogo "for" kanabadilisha kila kitu. "I fear him" huyo mtu namuogopa, "I fear for him" naogopa yasimpate mabaya. Sisi tukisema namhofia inabidi msikilizaji aangalie sura yako ajue ni ipi. Ila kuna sehemu tumewapiga bao, wao Mungu na nyoka wote ni "fear", sisi Mungu tunamcha, nyoka tunamuogopa.

Dogo nimemwambia aandike "I'm afraid of the lake", akaniuliza na bibi je, mbona bibi haogopi maji ila sisi tukipanda meli hapati usingizi? Nikamwambia huyo ndio wa "fears for".

Ngoja kidogo, simu... Shikamoo mama. Hapana bado sijapanda. Ndio mama, laifu jaketi nitavaa. Nitavaa mama, hata watu wakinicheka.