Binamu Kaniagiza Mbwa Mkali

Haya, hamjambo watu wangu wa Mtwara, Mikindani, na nyie wa Newala kule kwenye baridi! Nipo Leeds, Uingereza, mvua ya huku mnaijua, haina adabu.

Binamu yangu kanitumia sauti WhatsApp: "Dada, nitafutie mbwa mkali wa Kizungu, wa mbegu, anilindie stoo ya korosho." Nimecheka, kisha nikamkumbuka Simba, mbwa wa marehemu babu. Koko tupu, sikio limechanwa na nguruwe pori, na tumbili hakusogea shambani.

Sasa sikilizeni. Jirani yangu hapa ana border collie, mbwa wa kuchungia kondoo, mpole kabisa. (Analala kitandani! Mama akisikia hivyo anavuta istighfari.) Siku moja wanangu wanakimbizana kwenye majani, mbwa akainama, kichwa chini, macho hayapepesi, akazungukia nyuma, akambana kitindamimba wangu kisigino kwa meno. Damu haikutoka, ila kilio! Hasira hakuwa nayo hata chembe. Wazee wake wamezalishwa vizazi na vizazi kwa kazi hiyo: kukodoa, kunyatia, kukusanya. Mtoto anayekimbia, kwake ni kondoo aliyepotea kundi.

Kwa hiyo silika ya mbegu ipo, sikatai. Ila mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000: mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Huku pit bull, mbegu inayoogopwa kwa ukali, ni marufuku tangu 1991, mbegu nyingine ya XL Bully ikaongezwa mwishoni mwa 2023, na watu bado wanang'atwa.

Binamu, nakujua. Utamfunga mnyororo mchana kutwa, watoto wamrushie mawe wakitoka madrasa, usiku umfungulie. Huyo atamng'ata mtoto wa jirani kabla hajamwona mwizi. Mbwa akiganda ghafla, weupe wa macho ukaonekana, akajilamba midomo na hajala kitu, mwache apumue. Na mkia kutikisika si furaha kila mara.

Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, mambo ya kupaka pilipili acheni.

Mbwa sitafuti. Hela ya chanjo ya kichaa cha mbwa naituma leo, kitoto cha mbwa chukua hapohapo mtaani, mzoeshe watu angali mdogo. Mpe jina Simba. Jamani, nalowa!