Anayerudisha Maji Shambani Alipwe

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Nina jambo moja la kulitetea jioni hii. Mwenye shamba akikubali kuyarudisha maji kwenye ardhioevu iliyokaushwa, wanaofaidika zaidi ni watu wengine, tena wa mbali. Basi si haki gharama imwelemee yeye peke yake.

Nitachukua mfano wa Marekani, kwa sababu huko historia yote imeandikwa katika sheria. Tumezoea kumlaumu mkulima kwa kukausha vinamasi, lakini serikali ndiyo iliyotangulia. Kwa sheria za mwaka 1849, 1850 na 1860, majimbo yalikabidhiwa vinamasi vya jumla ya ekari takriban milioni 65, viuzwe na fedha zake zitumike kuvikausha. Kufikia miaka ya 1980, majimbo 48 yanayopakana yalikuwa yamepoteza zaidi ya nusu ya ardhioevu yaliyokuwa nayo karne mbili nyuma. Iowa na Ohio zilipoteza takriban asilimia 90. Aliyechimba mfereji wakati ule alikuwa akitimiza kile alichoambiwa ni maendeleo. Mimi siwezi kumgeukia mjukuu wake leo nikamwita mharibifu.

Sasa tutazame udongo wenyewe. Udongo uliojaa maji hauna oksijeni ya kutosha, hivyo bakteria waliomo hutumia naitreti, yaani kirutubisho cha naitrojeni kinachotoka kwenye mbolea, badala yake, na kuirudisha hewani ikiwa gesi ya naitrojeni. Shamba likishatandazwa mabomba yenye matundu chini ya ardhi, maji ya mvua hayakai tena. Yanakimbilia mtoni na naitreti ya mbolea ndani yake, yanafuata mto Mississippi hadi Ghuba ya Meksiko. Kule mwani hustawi kupita kiasi, hufa, huoza, na kuoza huko humaliza oksijeni ya chini ya bahari. Kila kiangazi kunatokea eneo kubwa ambalo samaki hulikimbia, na wasioweza kukimbia hufa. Kwa hiyo kinamasi kimoja cha Iowa kinamfanyia kazi mvuvi wa Louisiana, jimbo lililo pwani ya ghuba hiyo, ambaye hatakaa akione. Mvuvi huyo hana namna ya kumlipa mwenye kinamasi. Soko haliwakutanishi, na hapo ndipo serikali inapotakiwa kuingia.

Marekani iliingia kwa milango miwili. Mwaka 1985 sheria ilisema mkulima atakayekausha ardhioevu ili alime atapoteza ruzuku za kilimo. Hilo lilizuia uharibifu mpya, lakini halikurudisha hata tone moja mahali lilipokwishaondolewa. Mwaka 1990 ukaja mlango wa pili, ambao mimi nauona wa maana zaidi: serikali inamlipa mwenye ardhi ili aache kabisa kulima sehemu ile, na makubaliano hayo yanaandikwa juu ya ardhi yenyewe. Akiiuza au akifa, anayeipokea anaipokea pamoja na sharti lake.

Shamba linabaki mali ya mwenye ardhi. Anaamua nani aingie, anavua, anawinda. Alichouza hasa ni haki ya kulima na kukausha. Mkataba ukiwa wa kudumu, hulipwa thamani yote ya haki hiyo na asilimia 75 hadi 100 ya gharama za ukarabati, yaani kazi ya kuyarudisha maji. Ukiwa wa miaka 30, malipo hushuka. Kuna na kipengele kidogo ambacho wengi hukiruka: kwa kawaida mwombaji sharti awe ameimiliki ardhi kwa miezi 24 angalau. Kipengele hicho kinamfungia nje mlanguzi anayenunua shamba leo kwa ajili ya hundi ya kesho.

Kazi yenyewe ni ya jembe na mashine. Wanatafuta bomba lilipopita, wanalifukua, wanalivunja kipande na kuziba. Mfereji unajazwa udongo. Pale ardhi iliposawazishwa kwa ajili ya trekta, wanachota tena vibonde vifupi, kwa sababu mimea na ndege wa majini hawataki kina kimoja kila mahali. Mara nyingi mbegu za matete na ndago zilizolala ardhini kwa miaka huota zenyewe maji yakirudi. Lakini zikikaa kavu muda mrefu mno hufa, ndiyo maana kuchelewa kuna hasara isiyoonekana kwenye bajeti.

Naipinga mikataba mifupi. Kuna mpango mwingine huko huko unaokodi mashamba kwa miaka 10 hadi 15 ili yasilimwe. Bei ya mahindi ilipopanda baada ya 2007, wengi hawakuhuisha mikataba yao, na plau zikarudi. Fedha za umma zilikuwa zimenunua likizo tu. Mkulima hakukosea, alifuata hesabu yake. Aliyekosea ni aliyepanga malipo yasiyoshindana na hesabu hiyo.

Linaloniuma zaidi ni yule ambaye hakukausha kamwe. Jirani alichimba mifereji, akavuna miaka 40, na sasa analipwa kuifukia. Huyu aliyekiacha kinamasi chake kama alivyokirithi mara nyingi haambulii kitu, maana hana cha kukarabati. Mpango wowote unaomsahau unafundisha watu kuharibu kwanza. Hata malipo madogo ya kila mwaka, yenye masharti ya wazi, yangemwambia kwamba kazi yake imeonekana. Na fedha za ukaguzi zitengwe siku ile ile mkataba unapotiwa saini, kwa sababu tuta la udongo hutobolewa na panya wa majini, hulika kwa mafuriko, na bila mtu wa kulizibia maji huondoka tena kimyakimya huku malipo yakiwa yamekwisha kutolewa.