Harufu Ina Saa Yake: Yasmini, Langilangi na Kilua Nyumbani

ZUHURA: Assalam aleikum wasikilizaji, karibuni. Leo tumeweka kando mchicha na bamia, tunazungumza maua ya kunukia. Hamadi, kwenu mna nini?

HAMADI: Waaleikum salaam, dada Zuhura. Yasmini ipo ukutani, mlangilangi nyuma ya jiko, na mirehani kwenye madebe. Mkilua ndio sina, na nina maswali yangu.

ZUHURA: Tutafika huko. Kwanza nina neno. Watu wengi hupanda ua la kunukia kama wanavyopanda la kutazamwa: mbele ya geti, wapita njia walione. Lakini harufu ina saa yake, na ina upepo wake. Usipoyajua hayo, mti utanukia na wewe hutasikia kitu.

HAMADI: Atafaidi jirani.

ZUHURA: Ndiyo hivyo! Chukua yasmini. Mchana ina vitumba tu, uhondo wake ni kuanzia magharibi. Maua meupe ya namna ile yanafumbuka usiku kuwaita nondo, na gizani mdudu anaongozwa zaidi na harufu. Kwa hiyo ipande penye dirisha la kulala, au penye baraza mnayokaa baada ya isha. Na utazame upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi hivi, unatoka upande mmoja. Kusi ikiingia, unageuka. Kusi ikiwa kali inaipeperusha harufu yote. Ndiyo maana mimi napenda ua wenye kuta: harufu inatuama humo ndani. Inaniuma kuona nyumba mpya zinapigwa saruji ua mzima, hata pa kuchimba shimo moja hapabaki.

HAMADI: Kwetu vitumba vinachumwa baada ya alasiri, vikishajaa na kuwa vyeupe lakini bado vimefumba. Unavitunga kimoja kimoja kwa sindano na uzi, halafu unavifunika kwa kitambaa kibichi. Giza likiingia unafunua, unakuta vinafumbuka vyenyewe uzini. Koja hilo ndilo la kuvaa kichwani, au la kutandaza kitandani kwa maharusi.

ZUHURA: Na uchume kwa vidole vikavu, vitumba vya yasmini ni laini mno. Ukiviminya, asubuhi vyote ni kahawia.

HAMADI: Mlangilangi je? Wangu unanishinda urefu.

ZUHURA: Ukiuachia unapita mita 20, na maua yote yanakuwa ya ndege. Komoro, wanakokeneka maua yale, yaani kuyachemsha kwa mvuke, kupata mafuta ya manukato, wakulima wanakata kilele na kuinamisha matawi ili mchumaji afikie akiwa amesimama chini. Fanya vivyo hivyo. Na usichume ua la kijani. Ngoja liwe manjano kabisa, petali zimelegea, na ndani kwenye kitako pana alama nyekundu. Uchume alfajiri, jua halijawa kali. Ila usiupande dirishani, harufu yake ni nzito. Mbali kidogo ndiyo raha.

HAMADI: Haya, sasa kilua.

ZUHURA: Hapo umenigusa, maana mkilua ni wetu hasa. Asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na tangu 1970 wanasayansi wanauita Mkilua fragrans. Ni mti wa kivulini, kwa hiyo chini ya muembe unakaa vizuri. Ua lake linaning'inia chini ya majani, rangi yake karibu sawa na majani yenyewe. Unapita, unasikia harufu, unaanza kuinua matawi kulitafuta. Likianza kuwa manjano, ndipo limeiva.

HAMADI: Na bila kilua, kikuba, kile kishada cha maua wanachojipamba wanawake, hakijakamilika.

ZUHURA: Kwangu mimi, hakijakamilika! Rehani ndiyo inayoshika, unaweka kilua, yasmini, langilangi, ukipata na mkadi, unafunga kwa uzi. Mwanamke anakibana kwenye nywele au kifuani, na akipita ukumbini watu wanajua amepita.

HAMADI: Msikilizaji anayekaa chumba cha kupanga, asiye na ua wa kupandia?

ZUHURA: Aanze na yasmini kwenye debe. Alitoboe chini, atie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, aliweke panapopata jua la nusu siku au zaidi. Kisha asione huruma kupogoa. Yasmini inachanua kwenye machipukizi mapya. Usiyoikata inajaa majani na vijiti vikavu. Yale matawi anayokata achomeke kivulini, udongo uwe na unyevu, baadhi yatashika mizizi.

HAMADI: Basi mimi Jumamosi naleta matawi ya yasmini, unipe mche wa mkilua.

ZUHURA: Mche upo. Njoo asubuhi, tukuchimbulie na udongo wake.