Mhusika mwizi mezani: anamwibia nani?

Jamani tuanze tu, wanaoingia watatukuta njiani. Leo, kwenye hii michezo ya mezani ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika wake ndani ya hadithi na dadu ndo inaamua kama jambo limefanikiwa, tunamwongelea mhusika mwizi, yule mmoja kwenye kundi ambaye wenzake wakiwa wanaongea na mfalme yeye yuko nyuma anachomoa pete za wageni, na swali ninaloulizwa na magemu masta, wale wanaoiendesha hadithi, ni lile lile kila siku, nimfanyeje huyu, nimkamate, nimfunge, nimuue kabisa? Mi nasema kabla hujafika huko angalia kwanza anayeibiwa ni nani. Kama ni mtu wa kwenye hadithi, mfanyabiashara, kabaila, kuhani wa hekalu, hilo ni suala la mchezo na lina utamu wake. Kama anayeibiwa ni mtu aliyekaa naye meza moja, hapo dadu haihusiki kabisa. Watu wanachanganya haya mawili ndo maana kampeni nyingi, yaani zile hadithi ndefu za kuchezwa wiki hadi wiki, zinafia katikati.

Kuna wanaodhani huu wizi umeletwa na wachezaji wa siku hizi, hapana. Dungeons & Dragons, mchezo mmojawapo wa aina hii, ilivyotoka 1974 ilikuwa na aina tatu tu za wahusika, mpiganaji, mchawi na kuhani, mwizi akaja 1975 kwenye nyongeza ya Greyhawk na kazi zake kabisa, kufungua kufuli, kutegua mitego, kunyata, kujificha kwenye kivuli, kuchomoa mifukoni. Na enzi hizo mali ndo ilikuwa inakupandisha leveli, yaani daraja la mhusika wako, sarafu 1 ya dhahabu mkitoka nayo salama inahesabiwa pointi 1 ya uzoefu, kwa hiyo meza nzima ilikuwa inafukuzia hazina. Ila angalieni hesabu yao. Kwenye toleo la Basic la mchezo huo huo, la 1981, unarusha dadu ya 1 hadi 100, na mwizi wa leveli ya kwanza ana asilimia 20 za kufanikiwa kuchomoa mfukoni, na dadu ikizidi mara mbili ya hiyo namba mwenye mfuko anashtuka. Yaani 1 hadi 20 umepata, 21 hadi 40 umekosa ila hujaonekana, 41 hadi 100 umeonekana. Asilimia 60 za kuonekana! Ile sheria ilitaka mchomoaji atetemeke kidogo kabla ya kunyoosha mkono. Sasa leo gemu masta anamwachia mwizi arushe dadu, akikosa anamwambia tu hujapata kitu, basi mwizi anahamia kwa mtu wa pili, wa tatu, wa kumi, nani angeacha kuiba hapo?

Na kinachoniuma mimi zaidi sio hata hizo sarafu, ni muda. Chukua mfano kundi limeingia sokoni, mpiganaji anataka upanga wake unolewe, mchawi anatafuta hati ya uchawi, mwizi anasema namchomoa yule mama mwenye joho jekundu. Dadu. Sarafu 6 za fedha. Sasa namfuata yule mzee mwenye fimbo. Dadu tena. Ukija kuinua macho wenzake watatu wako kwenye simu, na wewe umekaa unaongea na mtu mmoja kama vile wengine hawakutoka majumbani kwao kuja kucheza. Mi hapo namsimamisha mwizi namuuliza, unatafuta nini leo, hela, habari au sifa? Akisema hela, sawa, rusha mara moja tu, hiyo dadu ni ya asubuhi yako yote hapa sokoni. Ikikubali nampa pochi nzito kidogo, na ndani ya pochi naweka barua yenye muhuri wa nta, imeandikwa kwa lugha ambayo yeye haisomi ila mchawi anaisoma, na jina lililoko juu ni la kabaila yule yule aliyewapa kazi. Mnaona? Akitaka kujua kaiba nini lazima awaonyeshe wenzake, na dakika mbili baadaye meza nzima imeinamia ile barua wanabishana, simu zimewekwa chini zenyewe.

Dadu ikikataa ndo magemu masta wengi wanaharibu, wanaleta hasira. Ghafla muuza mishumaa kumbe ni mchawi mkubwa mstaafu, askari 12 wametokea uchochoroni, mwizi kafa. Ukifanya hivyo mchezaji hajifunzi kwamba mji una akili, anajifunza kwamba wewe ni adui yake, na wiki ijayo atakuja kakukamia. Acha mji ufanye kile ambacho mji ungefanya. Mwenye duka mwenye akili haweki dhahabu dukani, anaweka magogo, magunia na daftari la madeni, beba hayo basi. Mnunuzi wa mali za wizi hakupi hata nusu ya bei, na akiona ni kile kikombe cha hekaluni ambacho mji mzima unakijua anakufungia mlango. Chama cha wezi wa pale mjini wanatuma mtoto na ujumbe, umefanya kazi kwenye eneo letu, fungu letu liko wapi? Hizo zote ni adhabu lakini kila moja inafungua kitu cha kucheza. Mchezo wa Blades in the Dark, wa 2017, ambao wahusika wa wachezaji wote ni wahalifu, umelifanya hili vizuri sana, kila kazi inaacha joto, yaani macho ya askari kuwageukia, unalihesabu kwa kujaza visanduku, na visanduku 9 vikijaa kiwango cha kusakwa kinapanda. Hata kama unachezesha mchezo mwingine chora hivyo visanduku kwenye karatasi, weka katikati ya meza kila mtu avione, mtashangaa jinsi wenzake watakavyoanza kumshika mkono mwizi wenyewe bila wewe kusema neno.

Sasa hili la kuwaibia wenzake. Kundi limefungua sanduku, mwizi yuko mbele, anakuandikia kikaratasi, naificha yakuti kabla hawajaiona. Usikipokee kimya kimya. Kisome kwa sauti, mhusika wako anataka kuificha hii yakuti, jamani mnaonaje? Wapo wanaofurahia, wanasema acha aifiche, tutakuja kuigundua iwe vurugu ya maana, hapo endeleeni kwa raha zote. Lakini mmoja tu akisema mi sipendi, basi haitokei, na hairushwi dadu ya kuamua, kwa sababu aliyeumia ni mtu sio mhusika. Mi meza yangu anayefanyiwa ndo anaamua matokeo, ukitaka kumchomoa mwenzako mwenzako ndo anasema umepata au nimekudaka mkono.

Mchezaji wa huyo mwizi atakwambia ndivyo mhusika wangu angefanya. Huyo mhusika kamtunga yeye, hakuokotwa njiani. Mjibu kwa upole, sawa, na kwa nini hawa watu wanaolala wakimwachia alinde usiku waendelee kutembea naye? Akikupa jibu zuri, mfano huwa haibi kwa waliomwokoa, au anatuma hela kwa dada yake aliyeko kifungoni, umepata mhusika mzima sasa, sio mkono tu unaotembea. Na haya maswali yaulizwe kabla ya kampeni kuanza, wakati watu wanatunga wahusika, sio baada ya watu kununiana.

Ikishindikana, umeongea naye pembeni, ameahidi, karudia, mwambie mhusika huyu anaondoka kwenye kundi, wewe unabaki, tunga mwingine. Mali ya wenzake inarudi wakati huo huo. Yule mwizi usimuue, mchukue wewe, mwache mjini afungue genge lake, na kundi likija kuhitaji mtu wa kuingia kwenye jumba la kabaila usiku watajua pa kubisha hodi, na safari hii bei anapanga yeye.