Sifa za diski zikae wapi ndani ya draiva (mazungumzo na vijana wa kompyuta, Mtwara)

Haya jamani, shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi. Waliotoka Masasi na Newala poleni na safari, na nyie wa Lindi mliodamkia basi poleni pia. Tuanze tu kabla umeme haujabadili mawazo. Leo tunaongelea draiva, msimbo unaoiwezesha Linux kuongea na diski, na mafaili madogo yanayoonyesha sifa za diski yakae wapi ndani yake. Wenye laptopu zenye Linux fungueni teminali muandike hivi:

cat /sys/block/sda/queue/rotational

Kama mashine yako ni ya siku hizi diski haitaitwa sda, itaitwa nvme0n1, badilisha hapo uendelee. Ukipata 0 maana yake una SSD, diski ya chipu isiyozunguka, ukipata 1 diski yako inazunguka, au tuseme kerneli, kiini cha Linux, inaamini inazunguka, manake flashi nyingi za USB nazo zinajibu 1 wakati humo ndani hakuna kinachozunguka.

Sasa hilo faili ulilosoma halipo kwenye diski kabisa. Ulipobonyeza enta kerneli imeita fankisheni fulani, fankisheni imeandika tarakimu kwenye bafa, kipande cha memori cha kuwekea data kwa muda, yenye ukubwa wa peji moja, baiti 4096 kwa mashine nyingi tulizonazo humu, ukaletewa. Huo ndio mfumo wa sysfs, mafaili ya /sys ambayo kerneli inaonyeshea habari za vifaa, ulikuja na Linux 2.6 mwishoni mwa 2003, na sheria yake kuu ni faili moja thamani moja. Isome skripti, isome binadamu, hakuna kuchambua maneno. Wapo wanaokwepa sheria, soma queue/scheduler uone, linakupa majina yote ya wapanga foleni ya maombi ya diski alafu linalotumika limewekwa mabano ya mraba. Mimi binafsi silipendi lakini limeshazoeleka, haliondoki tena.

Basi mtu anaandika draiva ya diski. Siku ya kwanza anataka faili moja tu, serial, namba ya diski. Analibandika popote. Baadae anakuja mwingine anaongeza model, mwingine firmware_rev (toleo la fimwea, programu iliyo ndani ya diski), mwingine state, mwingine wwid (kitambulisho cha kipekee), na kila mmoja anaweka pale alipokuwa anafanyia kazi siku hiyo, mwisho wa siku msimbo wa kusoma na kuandika data umechanganyikana na msimbo wa kuonyesha majina na namba, ukitafuta kitu unasogeza kurasa mpaka kidole kinauma. Draiva ya NVMe, njia ya kuongea na SSD za siku hizi, ilikuwa hivyo, hayo mambo yote yalikaa ndani ya core.c, faili la maelfu ya mistari. Leo ukienda drivers/nvme/host kwenye msimbo wa kerneli utakuta sysfs.c peke yake na karibu sifa zote zimehamia humo.

Ila kuhamisha sio kukata na kubandika tu, nnangu. Swali la kwanza ni hili: sifa hii ni ya nani? Kwenye NVMe kuna kontrola inayoendesha diski, ile nvme0, alafu kuna nemuspesi, eneo la data linaloonekana kama diski, nvme0n1, alafu juu yao kuna sabsistimu inayozikusanya. Firmware_rev haiwezi kuwa ya nemuspesi, kontrola moja inaweza kubeba nemuspesi kadhaa na zote zinaendeshwa na fimwea ileile. Lakini nsid, uuid, nguid na eui, vitambulisho vyote hivyo, ni za nemuspesi, usizipeleke kwingine. Ukishajua mwenye mali, mpangilio unajitengeneza: fankisheni yenye mkia wa _show, chini yake makro (kifupisho cha msimbo) DEVICE_ATTR_RO ambayo inakupa ruhusa 0444, kusoma tu, bila wewe kuandika namba, kisha sifa zote za mwenyewe mmoja unazikusanya kwenye orodha, orodha unaifunga kwenye kundi, yaani attribute_group. Orodha iishie na NULL! Ukisahau hiyo NULL kerneli itaendelea kutembea kwenye memori isiyoihusu ikidhani bado inasoma sifa, na mashine inaweza kukufia mkononi.

Alafu kuna is_visible, watu wengi hawaijui na ndio tamu kuliko zote. Sio kila diski ina uuid. Badala ya kuunda faili la uuid lenye masifuri matupu, kundi linauliza kwanza fankisheni ya is_visible, ikirudisha 0 faili halizaliwi. Ndio maana wewe na jirani yako mna draiva ileile lakini mafaili tofauti, msishangae.

Sasa tuje kwenye wakati, hapa ndipo bagi ngumu, makosa ya msimbo, zinapojificha. Kifaa kikiwa tayari kerneli inapiga kelele kwamba diski mpya imefika, udev, programu inayovipa vifaa majina, inasikia, inakimbia kusoma sifa ili itengeneze majina ya kwenye /dev/disk/by-id. Draiva nyingi za zamani zilikuwa zinatangaza kwanza, mafaili zinaunda baadae. Ni sawa na mnada wa korosho, umeshaita wanunuzi ghalani, wamefika, halafu wewe ndio unaanza kuandika uzito na daraja la mzigo, aliyewahi kufika amekuta hamna kitu kaondoka. Kwenye virtio-blk, diski za mashine pepe, faili la serial ndio lilikuwa hivyo, udev ikiwahi sana unakosa kiungo cha by-id, ukiwasha tena unakipata, tena unakikosa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Dawa ilikuja mwaka 2018, device_add_disk, fankisheni ya kerneli ya kusajili diski, ikaanza kupokea makundi ya sifa kama hoja, kwahiyo unayakabidhi mapema na kerneli inayaunda kabla haijatangaza. Bagi ya namna hii haitibiwi kwa sleep, amri ya kusubiri, kwenye skripti, msinichekeshe.

Na jambo jingine, faili likishatoka nje limekuwa ahadi. Angalia /sys/block/sda/size, kwa diski ya GB 500 utakuta 976773168. Hizo ni sekta za baiti 512, zidisha upate 500107862016. Hata kama diski yako kiuhalisia ina bloku za 4096, hesabu inabaki ya 512 kwasababu programu za watu zimeshaizoea, ukiirekebisha umevunja za wengine.

Kwahiyo ukihamisha sifa kutoka faili moja la msimbo kwenda lingine, kabla hujakompaili kerneli mpya piga hii:

find /sys/class/nvme/nvme0/ -maxdepth 1 -type f -printf '%m %f\n' | sort > kabla.txt

Ukishabuti mpya piga tena uweke kwenye baada.txt, halafu diff kabla.txt baada.txt. Ikitoa hata mstari mmoja, faili limepotea au ruhusa imebadilika, pachi, yaani mabadiliko yako, bado usitume.