Swali la Tabianchi Halina Kitivo Kimoja

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, na nyinyi wanafunzi wa uzamili na uzamivu ambao mkutano huu hasa ni wenu, nawashukuru kwa kunialika.

Kila msimu wa kuwasilisha mapendekezo ya utafiti unapofika, wasimamizi hupokea mada nyingi za umbo lile lile: “Athari za Mabadiliko ya Tabianchi kwa…”, kisha nafasi inajazwa kilimo, au uvuvi, au afya ya mama na mtoto, au mahudhurio shuleni. Mada hizi huandikwa kwa nia njema na watu wenye akili. Lakini leo tuambiane ukweli: nyingi kati yake si maswali. Jibu linajulikana kabla hojaji ya kwanza haijachapishwa. Athari zipo, ni mbaya, na maskini wanaumia zaidi. Wahojiwa wanaulizwa kama wameona mvua ikibadilika, wengi wanasema ndiyo, na sura ya mwisho inapendekeza elimu itolewe kwa umma. Hakuna aliyekuwa akiyabishia hayo, kwa hiyo hakuna anayelazimika kubadili mawazo baada ya kuyasoma.

Swali la utafiti lina sharti gumu: ni lazima liweze kukukatalia. Pawepo jibu usilolitaka ambalo, likitokea, itakubidi ulikubali na uliandike.

Yapo mambo yaliyokwisha kujibiwa, na tusiyarudie kana kwamba ni mapya. Mwaka 1856 Eunice Foote aliweka juani mitungi ya kioo, akaona ule wenye hewa ukaa unapata joto zaidi na unachelewa kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall alianza kupima maabarani jinsi gesi zinavyonasa joto. Svante Arrhenius alikokotoa mwaka 1896 dunia itapata joto kiasi gani hewa ukaa ikiongezeka maradufu. Charles David Keeling alipoanza vipimo vyake kule mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta kama sehemu 315 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa kama 280, na sasa zimepita 420. Mwaka 2021 Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi liliandika bila kusitasita kwamba binadamu ndiye aliyepasha joto angahewa, bahari na nchi kavu. Hilo limekwisha. Maswali yaliyobaki ni magumu zaidi, na mengi hayakai ndani ya idara moja.

Naomba tulitazame tukio moja kwa makini. Julai 1995 jiji la Chicago, Marekani, lilipigwa na wimbi la joto. Tarehe 13 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Midway kilifika nyuzi 41 za Selsiasi, hewa imejaa unyevu, na usiku haukuleta nafuu. Ndani ya wiki moja vifo vilizidi kiwango cha kawaida kwa zaidi ya watu 700. Chumba cha maiti kilijaa, ikabidi yaletwe malori yenye majokofu.

Mtaalamu wa hali ya hewa akilitazama tukio hili, swali lake liko juu angani: kwa nini hewa ya moto ilituama pale, unyevu ule ulitoka wapi, na kwa nini lami na zege za mjini zilihifadhi joto mpaka alfajiri. Daktari anauliza mwili unashindwa lini. Mwili hujipoza kwa jasho linapokauka. Hewa ikishiba unyevu, jasho halikauki, na joto linabaki ndani. Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber walikadiria ukomo wa jambo hilo kuwa nyuzi 35 kwenye kipimajoto kilichofunikwa kitambaa kibichi. Hapo hata mtu mwenye afya, aliyekaa kivulini, hawezi kustahimili zaidi ya saa chache. Ulikuwa ukomo uliotokana na kanuni za fizikia. Baadaye watafiti wa fiziolojia huko Pennsylvania waliwaingiza vijana wenye afya kwenye chumba cha majaribio, wakakuta kwamba penye unyevu mwingi mwili huanza kushindwa kudhibiti joto lake karibu na nyuzi 31. Tofauti hiyo ya nyuzi nne ni kubwa mno ukiwa unapanga saa za kazi za wajenzi au vibarua wa mashambani, na bado hatujasema lolote kuhusu wazee, wajawazito, au watu wanaotumia dawa za shinikizo la damu.

Hata hivyo, si anga wala mwili ulioweza kueleza ramani ya vifo vya Chicago. North Lawndale na South Lawndale ni mitaa inayopakana. Jua lilikuwa lile lile na unyevu ule ule, na idadi ya wazee maskini wanaoishi peke yao ilikaribiana. Lakini kiwango cha vifo North Lawndale kilikuwa karibu mara kumi ya kile cha jirani yake. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alikwenda kuchunguza mitaani kwenyewe. Upande mmoja alikuta maduka yamefunguliwa, watu wamejaa njiani, mzee ana sababu ya kutoka na mahali pa kuingia kupata ubaridi. Upande wa pili waajiri wakubwa walikwishaondoka miaka mingi, nyumba zimeachwa tupu, na mzee anajifungia ndani kwa kuogopa uhalifu. Ilionekana pia kwamba miongoni mwa wazee wapweke wanaume ndio waliokuwa hatarini zaidi, ingawa wanawake wazee wanaoishi peke yao walikuwa wengi kuliko wao.

Unaweza kubishana na hitimisho lake, na wapo waliobishana nalo. Ninachokipenda ni kwamba swali lake lingeweza kumkatalia. Angeweza kukuta kuwa tofauti yote inaelezwa na umri na kipato, na maelezo yake kuhusu uhai wa mtaa yakaanguka. Vilevile swali lenyewe lilianzia pale ambapo majibu ya wataalamu wa hewa na ya madaktari yalikoma huku ramani bado haijaeleweka. Mpaka wa aina hiyo ndio ninaowaomba muutafute.

Uchumi una mpaka wake, nao hukaa ndani ya tarakimu moja ambayo wasomaji wengi huipita bila kuiona. Ili kulinganisha gharama za leo na hasara za baadaye, mwanauchumi huchagua kiwango cha kupunguza thamani ya wakati ujao kwa kila mwaka. Nicholas Stern, katika ripoti yake ya mwaka 2006 kwa serikali ya Uingereza, alitumia takriban asilimia 1.4. William Nordhaus, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, alitumia viwango vya juu zaidi kwa mbali. Chukueni kalamu mfanye hesabu: hasara ya dola milioni 1 itakayotokea miaka 100 kuanzia leo. Kwa asilimia 1.4, ina thamani ya dola 249,000 hivi leo. Kwa asilimia 5, ni dola 7,600 tu. Hakuna aliyebadilisha chochote kuhusu bahari, barafu wala mawingu. Kilichobadilika ni uzito tunaompa mtu ambaye hajazaliwa.

Uzito huo haupimwi kwa satelaiti. Ni swali la falsafa na maadili, tena linabeba maamuzi ya matrilioni ya fedha. Ninasikitika kuona wanafunzi wa falsafa na wa masomo ya dini wakiamini kwamba tabianchi ni habari ya watu wa jiografia. Na kuna upande wake unaoweza kuchunguzwa kwa watu walio hai: je, jamii zenye desturi ya kuweka ardhi kwa niaba ya vizazi vijavyo huamua tofauti kweli zinapokabiliwa na faida ya haraka, au ni maneno tu? Hilo linamfaa mwanaanthropolojia akishirikiana na mwanasaikolojia, na jibu lake linaweza kumshangaza kila mmoja wetu.

Kwa wanasheria nitakaa kidogo zaidi, kwa sababu fani yao ndiyo iliyoisukuma fizikia mahali isipokuwa na mpango wa kwenda. Mwaka 2003 mwanafizikia Myles Allen, wakati mto Thames umefurika karibu na nyumbani kwake, aliandika akiuliza kama siku moja itawezekana kumdai mtu fidia kwa hali ya hewa iliyoharibiwa. Kabla ya hapo jibu la kawaida la wanasayansi lilikuwa kwamba tukio moja haliwezi kuhusishwa na mabadiliko ya tabianchi. Kiangazi cha mwaka huo huo Ulaya ilipata joto lililoua watu zaidi ya 70,000. Mwaka uliofuata Allen, pamoja na Peter Stott na Daithi Stone, walionyesha kwamba shughuli za binadamu, kwa uwezekano mkubwa sana, zilikuwa zimeongeza angalau maradufu hatari ya joto la namna ile. Hivyo swali la mahakamani likazaa tawi zima la sayansi.

Tangu hapo kesi zimefika mbali. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Uholanzi, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la mazingira la Urgenda, iliilazimisha serikali ipunguze gesijoto kwa angalau asilimia 25 ifikapo mwisho wa 2020 ikilinganishwa na 1990. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake ya ushauri kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuulinda mfumo wa tabianchi. Maoni hayo yaliombwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa baada ya kampeni iliyoongozwa na Vanuatu, na wazo lenyewe liliibuliwa mwaka 2019 na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki. Narudia: wanafunzi.

Ila kuna pengo ambalo bado halijazibwa vizuri. Mwanafizikia anakuja mahakamani na kusema hatari imeongezeka maradufu. Hakimu anataka kujua kama mdaiwa alisababisha mafuriko haya, katika nyumba hii, na kwa sehemu gani. Uwiano wa uwezekano na kiwango cha uthibitisho ni vitu viwili, na anayevielewa vyote ni nadra. Mwanafunzi wa sheria akijifunza takwimu kwa dhati, au mwanatakwimu akisoma hukumu kwa uvumilivu, ana kazi ya maisha yake yote hapo.

Kwa wanakemia nitataja saruji tu. Utengenezaji wake hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu, na zaidi ya nusu ya hiyo haitoki kwenye moto wa tanuri. Inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika kwa joto. Ukiweka umeme wa jua katika kila kiwanda, sehemu hiyo haitapungua. Kinachotakiwa ni kemia mpya ya kitu cha kushikamanisha mawe, na wahandisi watakaothibitisha kwamba daraja halitaanguka.

Na wenzetu wa historia, lugha na fasihi, tafadhali msikae nyuma ya ukumbi. Tarehe za kuchanua maua ya micheri huko Kyoto zimekusanywa kutoka shajara za watawala, watumishi wa ikulu na watawa, kuanzia karne ya 9. Zilipopangwa mfululizo, ikaonekana kwamba mwaka 2021 maua yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa kabla yake katika zaidi ya miaka 1,200. Aliyeandika shajara hakuwa na kipimajoto, na asiyeweza kusoma mwandiko wa kale asingeipata data hiyo kamwe. Mradi wa Old Weather, ulioanza 2010, uliwaalika watu wa kujitolea kunakili kumbukumbu za meli za kivita za Uingereza za wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo mabaharia waliandika joto na shinikizo la hewa kila baada ya saa chache.

Lakini kumbukumbu za maandishi ni za ikulu na za majeshi. Jamii nyingi zilihifadhi miaka yao kwa majina ya njaa, mafuriko na magonjwa, katika nyimbo na masimulizi ya ukoo. Je, mpangilio huo wa miaka unalingana na pete za miti na tope la chini ya maziwa, ambamo wanasayansi husoma mvua na ukame wa zamani? Unaweza kulingana, unaweza kukataa, na unaweza kulingana kwa ukame na kukataa kwa mafuriko. Kila jibu kati ya hayo lina thamani.

Sasa nitoe tahadhari, maana kuvuka mipaka kumeharibu tasnifu nyingi pia. Mara nyingi tatizo ni vipimo visivyolingana. Mtaalamu wa tabianchi huzungumza kwa wastani wa miaka 30, na mraba mmoja wa modeli nyingi za kompyuta zinazoigawa dunia katika miraba una upana wa kilomita 100 hivi, wakati wingu la mvua huweza kuwa na kilomita moja au mbili. Mwanasayansi ya jamii ana kaya 300 za bonde moja, alizozihoji msimu mmoja. Ukichukua namba ya mraba ule na kuibandika kwa kila kaya, kompyuta itakupa matokeo bila kulalamika, na jedwali litapendeza. Ila umezipa kaya zote mvua moja, na tofauti uliyotaka kuieleza umeifuta mwenyewe kabla hujaanza.

Kwa hiyo kabla ya kuandika hojaji, kaa na mtu wa fani ya pili mkubaliane ni eneo la ukubwa gani na muda wa urefu gani mnaoweza kuuzungumzia nyote wawili kwa haki. Mkishindwa kukubaliana, swali libadilishwe mapema, pesa za kwenda uwandani zikiwa bado hazijatumika. Na usiiache fani yako. Mwanafasihi anayejifanya mwanatakwimu nusu nusu hamsaidii mtu. Anayeujua ushairi wake vizuri, na anajua amwulize nini mwanatakwimu, ndiye tunayemhitaji.

Nitabaki ukumbini baada ya kikao. Mwenye pendekezo lenye tatizo hili la vipimo alilete tulitazame pamoja, na kama kuna mtu wa takwimu hapa, namwomba naye abaki. Mwenyekiti, nafasi ni ya maswali.